Mlo wa Roma na Dhamiri ya Mgeni

Katika nchi ya Bukoba na Muleba, ambako tangu Mapadre Weupe walipoanzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892 vijana wengi wamepitia seminari ya Rubya na baadhi yao wakavuka bahari kwenda kusoma Roma, liko swali ambalo watu hulinong'ona wakitoka misani, wala si swali la kipumbavu: je, mtu aliyetumwa ugenini kwa ajili ya sala na elimu, ambaye pengine sehemu ya nauli yake ilitoka katika kahawa iliyoanikwa na waumini wenzake, ana ruhusa ya kiasi gani kula vizuri, kukawia mezani hadi usiku, na kuuzunguka mji akitazama sanamu, chemchemi na magofu kwa raha ya macho yake tu? Siku hizi picha huja kwa simu, padre kijana akiwa na kikombe mkononi mbele ya Pantheon au sahani ya tambi mbele ya kifua, na wazee wa Kamachumu huitazama, hucheka kidogo, kisha huguna. Katika mguno ule mna falsafa kamili, nami nataka kuipa haki yake kabla ya kuipinga.

Shtaka zito kupita yote juu ya raha hiyo liliandikwa na Mwafrika. Augustino, mzaliwa wa Tagaste, aliyefika Milano mwaka 384 kufundisha ufasaha na akabatizwa huko mwaka 387, aliijua meza ya Italia, na katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake anaeleza kwamba alijizoeza kukiendea chakula kama dawa, lakini njiani kutoka njaa hadi shibe tamaa humvizia mtu, hata asijue tena kama anayeomba tonge la ziada ni mwili wenye haja au ni ulafi uliovaa joho la haja. Kutoka kinywani anahamia machoni, akiishutumu ile shauku ya kutazama kwa ajili ya kutazama, na kuwalaumu watu wanaosafiri mbali ili wastaajabie vilele vya milima na mawimbi ya bahari, ilhali nafsi zao wenyewe hawazistaajabii hata kidogo.

Namheshimu sana mwalimu huyu, na katika habari ya ulafi sina la kumjibu. Ila katika habari ya macho naona amezihukumu safari zote kwa kosa la baadhi ya wasafiri. Waislamu wa Bukoba hukuta katika Qurani wito wa kutembea katika ardhi na kutazama yaliyowapata waliotangulia, na Wakristo hukuta katika Injili ya Luka wanafunzi waliotumwa wawili wawili wakiagizwa kula wanachowekewa na wenyeji wao. Kwa hiyo kula na kutazama ugenini ni mambo ambayo dini zote mbili zimeyagusa, na si kwa kuyakataza. Pengine lililo karibu zaidi na ukweli halikusemwa na Augustino mwenyewe bali lilimpata mama yake.

Monika alimfuata mwanawe hadi Milano, naye akachukua desturi ya kwao Afrika ya kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi, akionja kidogo na kuwagawia wengine. Bawabu akamzuia, kwani askofu Ambrosi alikuwa amepiga marufuku jambo hilo, kwa sababu liliwapa walevi kisingizio na lilifanana mno na karamu za wapagani kwa wafu wao. Msomaji wa Kagera hatashangaa kwa kikapu kile, maana babu zetu nao waliwatengea waliokufa rubisi na kahawa, na wamisionari wakawazuia kwa hoja iyo hiyo. Monika alikiacha kikapu bila manung'uniko. Kisha likamtatiza jambo la pili: Roma walifunga siku ya Jumamosi, Milano hawakufunga, naye hakujua afuate lipi, mwanawe akamwendea Ambrosi, naye Ambrosi akajibu kwamba yeye akiwa Roma hufunga Jumamosi, na akiwa Milano hafungi, na kwamba mtu akifika katika kanisa lolote ashike desturi ya kanisa hilo kama hataki kumkwaza mtu wala kukwazwa. (Warumi wa leo Jumamosi yao ni siku ya kupika utumbo, kwa hiyo mwenye kufuata shauri la Ambrosi kwa herufi zake itambidi ashibe.) Nawaomba wasomaji walitazame vema jibu hilo. Askofu hakusema kula kidogo ni utakatifu wala kula sana ni dhambi. Alichokiangalia ni kama mgeni anakula pamoja na wenyeji au anakula peke yake.

Sasa tuje kwa mtu wa kwetu. Laurean Rugambwa alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 huko Bukongo, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Muleba, akasoma katika seminari za Rubya na Katigondo, akapewa upadre Desemba 1943, na mwishoni mwa miaka ya 1940 akapelekwa Roma, alikokaa hadi akapata udaktari wa sheria za Kanisa katika Chuo cha Urbaniana. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane wa Ishirini na Tatu alimfanya kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kuvaa kofia ile nyekundu, na kwa kuwa makardinali wengi hupewa kila mmoja kanisa lake katika mji wa Roma, yeye alipewa San Francesco a Ripa, katika mtaa wa Trastevere, ng'ambo ya mto Tiber. Sidhani kama kuna kanisa jingine Roma ambalo lingefaa zaidi kwa swali letu.

Humo mna chumba kidogo ambamo, kwa mapokeo, Fransisko wa Asizi alikuwa akilala alipokuja Roma, na mna jiwe ambalo huonyeshwa kuwa lilikuwa mto wake wa kulalia. Hatua chache kutoka hapo mna sanamu ya marumaru ya Mwenyeheri Ludovica Albertoni, iliyochongwa na Bernini kati ya 1671 na 1674, alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, mikunjo ya nguo ikianguka kwa namna inayomfanya mtazamaji asahau kwamba anatazama jiwe. Mawe mawili, basi, chini ya dari moja: moja la kuunyima mwili usingizi, jingine la kuyajaza macho hadi yafurike. Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema la kwanza ni la dini na la pili ni la dunia. Lakini Ludovica mwenyewe, mwanamke tajiri wa Roma aliyekufa mwaka 1533, husimuliwa kuwa alificha sarafu ndani ya mikate aliyowagawia maskini, ili wapate msaada bila kuaibishwa. Na yule Fransisko wa mto wa jiwe ana kisa ambacho wapenda ukavu wa dini hawapendi kukisimulia.

Roma alikuwa na rafiki, mjane wa ukoo mkubwa, jina lake Jacopa dei Settesoli, ambaye, Fransisko alipougua humo mjini, alimtengenezea tamutamu za lozi na asali. Mwaka 1226, Fransisko alipokuwa akingoja mauti kule Asizi, akiwa ametupa mali yote na karibu nguo zote, aliamuru aandikiwe mama huyo aje na sanda, na mishumaa, na zile tamutamu alizompa alipokuwa mgonjwa Roma. Wasimulizi wake wanasema Jacopa alibisha hodi kabla barua haijapelekwa, amevileta vyote. Fransisko alionja kidogo tu. Mimi kisa hiki nakiona kizito kuliko hotuba nyingi, kwa kuwa mtu huyu hakuna awezaye kumtuhumu ulafi. Alichokitamani kufani ni kuonja tena ihsani ya mji uliompokea, na ihsani hiyo ilikuwa na ladha ya lozi. Chakula cha ugenini, kikiliwa hivyo, hugeuka kumbukumbu ya mtu.

Hata maaskofu wenyewe walilijua hilo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofunguliwa 11 Oktoba 1962 na kufungwa 8 Desemba 1965 baada ya vikao vinne, uliwakusanya zaidi ya maaskofu elfu mbili ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, asubuhi baada ya asubuhi, wakisikiliza hotuba za Kilatini. Kardinali Rugambwa alikuwa miongoni mwao. Ikabidi pafunguliwe vibanda vya kahawa ndani ya basilika lenyewe, na wacheshi wakakiita kimoja Bar Jona, kwa jina la babaye Simoni Petro. Wengi walioandika habari za Mtaguso wamekubali kwamba pale penye vikombe ndipo askofu wa bara hili alipopata kuzungumza na askofu wa bara lile. Hapo mtu wa Kagera hana la kufundishwa: kwao mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu, huletewa kwanza kahawa ya kutafuna, ile akamwani, na anayekataa kuitia kinywani amekataa zaidi ya kahawa. Isitoshe, buni ya Bukoba ni ya aina ya robusta, aina ambayo Wataliano wengi huichanganya katika espreso yao ili iwe na povu na ukali. Kwa hiyo padre yule wa kwenye picha, kikombe mkononi, huenda alikuwa anakunywa jasho la shamba la jirani yake.

Habari ya utumbo niliyoigusa ina kisa chake pia. Katika mtaa wa Testaccio palikuwa na machinjio makubwa ya mji hadi mwaka 1975, na wachinjaji walipewa sehemu ya ujira wao kwa utumbo, mikia na vichwa, vitu ambavyo matajiri hawakuvitaka. Wake zao na wapishi wa vilabu vya jirani wakavipika kwa nyanya, mnanaa na jibini ya kondoo hata vikawa fahari ya Roma. Mwenye kula sahani hiyo bila kujua hayo ameshiba. Mwenye kula na kujua ameingia katika taabu ya watu, na mtu aliyelelewa kwa ndizi za kupikwa na utumbo hahitaji kueleza mengi ili aeleweke mezani pale.

Yabaki macho. Kwetu si adabu kukatiza katika kibanja cha mtu, ukaitazama migomba yake, ukahesabu mikungu, ukatokea upande wa pili bila kubisha hodi wala kumwamkia mwenyewe. Hata usipochuma kitu, umefanya tendo la mwizi. Hilo ndilo kosa ambalo Augustino alilikaribia bila kulitaja: si kwamba macho yanaona mengi, bali yanaona bila kusalimu. Anayepita mbele ya Ludovica kwa dakika mbili, akapiga picha, akakimbilia chemchemi ya Trevi, hakufanya ibada wala hakustarehe, na taabu ya safari yake imepotea bure. Anayekaa katika mji muda mrefu ana fursa ambayo mpita njia hana, ya kurudi mahali pamoja mara nyingi hadi mlinzi wa kanisa amjue kwa sura, na huko kurudi ndiko kunakoitakasa shauku ya macho.

Kwa hiyo wazee wa Kamachumu wana haki ya kuguna, ila wamekosea lengo. Raha ya kijana wao si wizi wa mchango, ikiwa imepokewa kutoka mikononi mwa wenyeji. Bali kijana anayejifungia chumbani na vitabu mwaka hadi mwaka, akapikiwa chakula cha nyumbani na wenzake wa nyumbani, akarudi na shahada bila kumjua Mrumi hata mmoja, hata akisifiwa kwa kujinyima, amekataa kahawa ya wenyeji. Basi nawasihi ndugu zangu wa Bukoba na Muleba: padre au mtawa wenu akirudi likizo, msianze kumwuliza habari za shahada, mwulizeni alikula nyumbani kwa nani, na watu hao wanaitwaje, na wanafanya kazi gani. Asiyeweza kutaja hata jina moja, huyo ndiye aliyekula mchango wenu.