Mstari Mnene, Ufa Mwembamba

Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam alijenga jengo la ghorofa, na chini yake akaweka ghala lililozama ardhini mita 3. Kuta za ghala zilikuwa za zege la kumwaga. Siku ya kazi, lori mojawapo la zege lilinasa kwenye foleni. Lilipofika, zege lililotangulia lilikuwa limeshaanza kukaza. Vijana wakamwaga jipya juu yake, wala hawakuzamisha mashine ya kutetemesha hadi kwenye tabaka la chini ili zege lote lishikane.

Mbao zilizoshikilia zege zilipobanduliwa, ukuta ulionekana una mistari. Mingine ilikuwa wima, imenyooka, imepishana kwa umbali uleule: hizo zilikuwa alama za maungio ya mbao. Mmoja ulikuwa mnene, mweusi kuliko zege lenyewe, umepinda ukapanda na kushuka kutoka pembe moja ya ukuta hadi nyingine. Mwenye jengo alipouona alishika kichwa.

“Fundi, ukuta umepasuka kabla haujabeba hata mzigo!”

“Haujapasuka, bosi,” fundi akamjibu. “Hapo ndipo zege la lori la kwanza lilipokutana na la pili likiwa limeshakaza. Kabla hatujajaza udongo nyuma, tumwage maji kwa nje tuone kama panavuja. Pakivuja, tutaziba.”

Tajiri hakuridhika. Aliita watu wengine, wakaubomoabomoa mstari ule kwa patasi, wakaujaza, wakaupiga lipu na rangi. Kazi hiyo ilimeza fedha za kazi nyingine. Mchoro wa mhandisi ulitaka nyuma ya ukuta, chini kabisa, pawe na kokoto na bomba lenye matundu la kuondoa maji. Tajiri akaona hilo halionekani na mtu, akaagiza udongo wa mfinyanzi uliochimbwa urudishwe kama ulivyo.

Mvua za masika zilipokolea, ufa mwembamba ulijitokeza katikati ya kimo cha ukuta, umelala sambamba na sakafu. Ukucha haukuingia. Mwenye jengo alikumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, akauziba siku ileile. Ukafunguka palepale. Akauziba tena, ukafunguka tena, na safari hii umerefuka. Fundi alipoitwa hakugusa lipu. Alivuta kamba kutoka pembe hadi pembe, na kamba ikasema yote: ukuta ulikuwa umefutuka kuingia ndani. Mzigo ukahamishwa, nguzo za kuegemeza zikasimamishwa, udongo ukafukuliwa, na kipande kizima kikabomolewa. Tajiri aliziba ufa, na ukuta akaujenga vilevile.

Kosa lake halikuwa uzembe. Alichukua hatua haraka, ila aliupima ubaya wa mstari kwa jinsi macho yanavyouona. Ule mnene ulizaliwa pamoja na ukuta na haukuwa ukisogea. Mahali kama hapo huwa dhaifu kuliko zege lililomwagwa kwa mkupuo mmoja, na huweza kupitisha maji, kwa hiyo fundi alikuwa na haki ya kutaka pajaribiwe. Ule mwembamba uliletwa na nguvu. Maji yakisimama kwa kimo cha mita 3 nyuma ya ukuta, kila mita moja ya urefu wake husukumwa kwa nguvu ya takriban tani 4 na nusu, bila kuhesabu msukumo wa udongo. Ukuta ulioshikwa na sakafu chini na zege la ghorofa juu hauna pa kukimbilia. Hujikunja katikati, na upande wa ndani ndio unaopasuka.

Basi kila mstari uulizwe maswali kabla ya kufunikwa. Ulikuwepo siku mbao zilipotolewa, au umekuja baadaye? Umeelekea wapi? Ufa wima, mwembamba, hasa unaoanzia kwenye kona ya dirisha, mara nyingi huletwa na zege kusinyaa linapokauka. Ufa wa mshazari ulio mpana upande mmoja unakutaka uangalie msingi, huenda sehemu yake imetitia. Ufa uliolala katikati ya ukuta wa chini ya ardhi, mwite mhandisi upesi. Pitisha kidole: upande mmoja ukiwa umejitokeza kuliko mwingine, ukuta umesogea. Unga mweupe wa chumvi ukitoka, ujue maji yanapita. Kisha weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, pima upana wake, na urudi baada ya mvua. Ukivuka alama, bado unatembea.

Lipu haizuii nguvu inayosukuma ukuta, inamfumba macho mwenye nyumba tu. Anayetaka ukuta wake udumu atafute kwanza kinachousukuma, akiondoe, ndipo azibe. Na fedha ikiwa haba, ikatwe kwenye rangi, isikatwe kwenye kokoto na bomba la nyuma ya ukuta.