Nipakatie Mtoto

Wahubiri tumelipenda sana tangazo lile la kwenye ndege. Kabla ya kuruka, mhudumu husimama katikati ya viti akionyesha kinyago cha oksijeni, na sauti hueleza kwamba mwenye mtoto avae chake kwanza ndipo amvalishe mtoto. Nimelisikia likihubiriwa kwenye semina za ndoa, kwenye makongamano ya vijana, hata kwenye ibada ya mazishi, na karibu kila mara fundisho ni lile lile: jipende mwenyewe kwanza, huwezi kumpa mwenzio usichokuwa nacho.

Naomba kutofautiana na ndugu zangu wahubiri. Ndege ikiwa juu kilomita 10 na zaidi, hewa ya ndani ikipotea ghafla, mtu mzima hubaki na akili timamu kwa muda usiozidi dakika moja, mara nyingi pungufu ya hapo. Mama anayehangaika kumvalisha mtoto anayelia na kurusha mikono anaweza kuzimia kabla hajamaliza, na hapo mtoto hana tena wa kumsaidia. Mama anavaa kwanza kwa ajili ya mtoto. Anayetafuta andiko la kujipenda atafute kwingine.

Kuna jambo jingine katika tangazo hilo ambalo sijasikia likihubiriwa. Linadhani mwenye mtoto ana mikono miwili iliyo huru. Je, aliye na mimba ya miezi sita, amempakata mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na kiti cha pembeni hakuna mtu wake? Ana haki gani juu ya jirani aliyekalishwa naye na namba ya tiketi tu? Na jirani huyo ana wajibu gani, ikiwa hakuombwa kitu?

Wapendwa, safari za namna hii si ngeni tena katika sharika zetu. Mume ametangulia masomoni au kazini ng'ambo, viza ya mke imechelewa miezi mingi, na inapotoka inakuta mimba imekua. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 hivi, na baada ya wiki ya 36 hayampokei kabisa mjamzito. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hana kiti chake. Hukaa mapajani kwa mama, amefungwa mkanda mdogo uliopitishwa kwenye mkanda wa mama. Tumbo likishachukua nafasi yake, mapaja yanayobaki ni kipande. Kwenye ukaguzi mama atatakiwa amtoe mtoto kwenye mbeleko, akunje kigari chake, avue viatu, atoe maziwa ya mtoto yakaguliwe, na huku mtoto ameshaona mlango ulio wazi na anaukimbilia.

Nimewasikia wazee wa kanisa wakiuliza kwa nini mama wa namna hiyo asingoje ajifungue kwanza. Akingoja, atasafiri na wawili wa kubeba. Nimewasikia wengine wakiuliza mume yuko wapi. Yuko huko anakokwenda mkewe. Ndiyo maana anasafiri. Hajiri alipokuwa mjamzito jangwani peke yake, malaika naye alimuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Lakini malaika aliuliza pale kwenye chemchemi, baada ya kumtafuta na kumwona. Sisi mara nyingi tunauliza tukiwa tumeketi, na jibu likishatolewa hatuna la kufanya nalo.

Mama mmoja wa usharika nilioutumikia aliniruhusu nisimulie safari yake bila kumtaja jina. Alipanda ndege Kilimanjaro, akabadilisha Addis Ababa usiku, na kutoka hapo hadi Frankfurt ni kama saa saba angani. Katika saa hizo saba aliamua asinywe maji. Chai ikija, anatabasamu na kutikisa kichwa. Juisi ikija, vivyo hivyo. Sababu yake ilikuwa choo. Choo cha ndege ni chembamba kuliko kabati la nguo. Mjamzito akiingia, mtoto hana pa kusimama, na nje hakuna wa kumwachia. Kwa hiyo alihesabu kwamba asipokunywa hatahitaji kwenda. Mjamzito kukaa muda mrefu hivyo bila maji na bila kuinuka kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na alikuwa ameelezwa hivyo kliniki. Alijua. Ila kati ya hatari ya damu na kumkabidhi mtu asiyemjua mtoto wake, alichagua ya kwanza.

Ng'ambo ya njia alikaa bibi mmoja wa taifa jingine. Hawakuwa na lugha hata moja ya kusemeshana. Bibi yule alikuwa ameshaona glasi ikirudishwa mara tatu. Akanyosha mikono kumwomba mtoto, mama akakataa. Kisha bibi akafanya kitu ambacho nimekitafakari muda mrefu. Alichukua mkoba wake mwenyewe, akaufungua kidogo ili mama aone kwamba pasi ya kusafiria imo ndani, akamvisha begani. Ndipo akanyosha mikono tena, na kidevu kikaonyesha upande wa choo.

Mama akaenda chooni na pasi ya bibi begani. Aliporudi alimkuta mwanawe anachezea miwani ya bibi. Akaomba maji, akanywa glasi mbili.

Ninajua, viwanjani tunaonywa tusipokee mzigo wa mtu tusiyemjua, na onyo hilo ni la haki. Wapo waliofungwa kwa sababu ya kifurushi cha rafiki wa dakika kumi. Simshauri mtu apokee begi la mgeni kwenye foleni. Lakini tuangalie alichofanya bibi yule. Alielewa kwamba kusema “niamini” hakutoshi, hata angekuwa na lugha ya kulisema. Mama alikuwa na kitu kimoja kisicho na badala yake, na bibi akatoa chake ambacho, katika ndege ile, hakikuwa na badala pia. Kwa lugha ya sokoni hiyo ni rehani. Biblia yetu ina neno la karibu na hilo, arabuni, katika Waefeso sura ya kwanza, pale Paulo anaposema juu ya Roho tuliyepewa. Nilifundishwa maana yake chuoni, nikaiandika kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Nadhani mkoba ule begani unaieleza vizuri zaidi kuliko nilivyoandika.

Na kuna Simeoni. Katika Luka 2 mzee huyu anamwendea Mariamu hekaluni na kumpokea mtoto mikononi mwake. Tumezoea kuisoma habari hiyo upande wa Simeoni, furaha yake na amani yake ya kufa. Upande wa Mariamu, mama mchanga, mbali na kwao, umati wa watu, anakuja mzee na kunyosha mikono. Luka hasemi Mariamu aliwaza nini. Anasema tu kwamba mtoto alikuwa mikononi mwa mzee yule. Mungu tunayemwabudu amewahi kupakatwa na mtu ambaye mama yake hakuwa amemzoea.

Nirudi kwenye haki na wajibu. Wagalatia sura ya 6 huwasumbua wasomaji kwa sababu katika mstari wa 2 Paulo anataka tubebeane, na katika mstari wa 5 anasema kila mtu ana cha kubeba mwenyewe. Katika Kigiriki maneno ni mawili. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu. La pili ni shehena iliyo ya mtu kwa haki yake. Ni neno ambalo Matendo 27 hulitumia kwa shehena ya meli. Waliotutafsiria Biblia ya Kiswahili waliliona jambo hilo, ndiyo maana mstari wa 2 una mizigo na mstari wa 5 una furushi.

Mimba ni furushi. Hakuna abiria awezaye kuibeba kwa niaba ya mama hata kwa dakika moja. Na kuwa mama wa yule mtoto ni furushi pia. Mtu akimnyang'anya mama nafasi hiyo kwa jina la msaada, akaanza kumwelekeza jinsi ya kunyonyesha na kumkemea mtoto kana kwamba ni wake, hajambebea kitu, amempokonya. Lakini saa saba bila maji ni mzigo, nao unaondolewa na mtu wa dakika tatu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa aliyeketi pembeni na vipokea sauti masikioni, mtoto wa kilo 11 hana uzito wowote. Wahenga hao hao walisema mkono mmoja haulei mwana.

Tena sisi tunajua kufanya hivyo. Panda basi la Moshi kwenda Dar es Salaam, au daladala yoyote saa ya jioni. Mama anasimama na mtoto, na kabla hajashika bomba mtu aliyeketi ameshasema, “Lete nikupakatie.” Hakuna anayeuliza kabila wala dini. Kanisani ndivyo ilivyo. Mtoto huanza ibada benchi la mbele na kumaliza benchi la sita, amepita mapaja ya nusu ya kwaya. Watu hao hao wakipewa kiti chenye namba na mkanda, wanakuwa wageni. Sina maelezo kamili ya jambo hili. Pengine ni bei ya tiketi, maana mtu akilipa sana huona amenunua pia haki ya kutosumbuliwa. Pengine ni hofu tu ya kuonekana mshamba.

Upande wa mpokeaji nao una shida, na hapa sisi Walutheri tungepaswa kuwa mbele. Tunafundisha watoto wa kipaimara kwamba hatukuleta kitu kwa Mungu, tulipokea. Tunabatiza watoto wachanga waliobebwa na wengine, wasioweza hata kusema asante. Luther mwenyewe, siku chache kabla ya kufa mwaka 1546, aliacha kikaratasi chenye maneno ya mwisho aliyoandika, na ndani yake alituita sote ombaomba. Kisha siku ya harambee tunasoma majina ya watoaji na kiasi walichotoa, makofi yanapigwa, na mshirika akiomba asaidiwe anaitwa ofisini mlango ukiwa umefungwa. Binti aliyekulia katika kanisa la namna hiyo amejifunza kwamba kutoa ni heshima na kupokea ni aibu. Akiwa kwenye ndege usiku na koo kavu, atatabasamu na kutikisa kichwa. Sishangai.

Wanaume huniuliza wao wafanye nini, maana mama hawezi kumkabidhi mtoto mwanamume asiyemjua, na wala wasimlaumu kwa hilo. Kuna begi la kushusha kutoka kabati la juu. Kuna kigari cha kukunja, na kuna nafasi kwenye foleni ya pasi ya kumwachia. Kuna kiti cha njiani ambacho unaweza kukitoa ili asiwe anaruka magoti ya watu. Na kwa wale ambao mtoto ni wao: Luther aliandika mwaka 1522, katika kitabu chake juu ya maisha ya ndoa, kwamba baba akifua nepi kwa imani watu watamcheka, lakini Mungu na malaika hufurahi. Miaka 500 imepita na baadhi yetu bado tunaogopa kuchekwa.

Sijajibu swali la wajibu kwa mizani ya sheria, na sidhani linajibika hivyo. Hakuna kanuni ya ndege inayomlazimisha abiria kupakata mtoto, na sitaki iwepo. Ninaloweza kusema ni kwamba anayeketi karibu ameona, na kuona kwake kumeshambadilisha. Hawezi tena kuwa sawa na aliyeketi nyuma kabisa na kulala. Basi aulize. Aulize mapema, kabla mtoto hajachoka, na asinyoshe mikono kabla ya kuuliza. Mwenye kitu cha kuweka rehani akiweke: jina lake, namba ya kiti chake, mke wake aliye naye.

Na wapo akina mama watakaokataa. Wana haki, wala si lazima waeleze sababu. Akikataa usinune, wala usigeukie dirisha kana kwamba umetukanwa. Mwite mhudumu, mwombe amletee mama maji, na umweleze kwamba huyu yuko peke yake, hivyo akitaka kwenda chooni mhudumu mwenyewe asimame na mtoto pale mlangoni.