Kibali cha Ng'ombe, Kibali cha Ndege

Ukitaka kumtoa ng'ombe Nyanungu, wilayani Tarime, umpeleke mnadani, huondoki naye kimyakimya. Sharti uwe na kibali kinachosema ng'ombe ni wangapi, wana chapa gani, ni wa nani na wanakwenda wapi. Ukikutwa njiani bila karatasi hiyo, utajieleza kama mwizi. Watu wa Tarime wanaujua uzito wake. Baada ya vita ya Kagera ya 1978–79, baadhi ya bunduki zilirudi vijijini pamoja na askari, na wizi wa mifugo uliokuwa wa mishale na mapanga ukawa wa risasi. Hakuna aliyezihesabu zilipokuwa zikiingia. Waliokuja kuhesabu ni wafiwa.

Tushuke sasa hadi Mwanza. Kwa miaka mingi ndege kubwa za mizigo aina ya Ilyushin zilitua pale, uwanja wa raia, kuchukua minofu ya sangara ya kupeleka Ulaya. Zilikuja na nini? Mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ilidai kuwa nyingine zilileta silaha za vita vya Kongo na majirani zake. Mwaka 2006 Rais Kikwete wa Tanzania aliishutumu filamu hiyo hadharani. Ubishi huo siwezi kuuamua mimi. Ila najua ungeweza kwisha siku ileile ndege ilipotua. Rubani akisema amekuja tupu, mkaguzi apande auone huo utupu kwa macho yake, aandike, atie saini. Kanusho la miaka miwili baadaye, hata likiwa la kweli, haliwezi kufanya kazi ya saini hiyo.

Sheria haikukosekana. Ibara ya 35 ya Mkataba wa Chicago wa 1944 inakataza ndege ya safari za kimataifa kupitisha zana za kivita katika nchi yoyote, au juu yake, bila ruhusa ya nchi hiyo. Aprili 2005, kwa Azimio 1596, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likazitaka serikali za ukanda huu zihakiki nyaraka za ndege na leseni za marubani.

Lakini nyaraka nazo husema uongo. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli MV Faina ikielekea Mombasa na vifaru 33. Serikali ya Kenya ikasema ni vyake. Hati za shehena zilikuwa na herufi GOSS, kifupi cha Serikali ya Sudan Kusini. Inaniuma kwamba wananchi walioilipia bandari ile walipata habari za mzigo huo kwa sababu ya maharamia.

Kule Nyanungu, anayepokea kibali haishii kukisoma. Humzunguka ng'ombe, akainama, akaitafuta chapa pajani kwa kiganja, ndipo akairudisha karatasi.