Vuka Mpaka na Hati Mkononi

Kansas City kuna barabara inayoitwa State Line Road. Ukisimama kando yake ukielekea kaskazini, kuliani kwako ni Missouri na kushotoni ni Kansas. Watu huivuka kutwa kwenda kazini, kanisani, msikitini au dukani, na hakuna anayewauliza kitu. Kampuni haina uhuru huo. Kampuni ya usafi iliyosajiliwa Missouri ikikodi ofisi ng'ambo ya barabara na kuajiri watu huko, machoni pa sheria ya Kansas ni ya kigeni, sawa na iliyotoka Florida, mpaka ijiandikishe kwa Katibu wa Jimbo la Kansas na kupewa ruhusa ya kufanya biashara.

Nawaandikia ninyi ndugu zangu mnaozungumza Kiswahili huko Dallas, Minneapolis, Columbus, Lowell na kwingineko Marekani. Mmetoka Mombasa, Moshi, Bukavu na Bujumbura. Wengi mlianza kwa zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, na leo mna kampuni zenu wenyewe: za kuhudumia wagonjwa majumbani, za kusafisha maofisi, za malori, za upishi. Hilo si jambo dogo. Sasa mteja wa jimbo la pili amepiga simu, ana kazi na ana pesa. Wengi mnakwenda, ila mnakwenda kimyakimya, mkiomba Mungu asitokee wa kuuliza. Msiende hivyo. Nendeni mkijulikana, kwa jina la kampuni yenu, mkiwa mmeandikwa kwenye rejista ya jimbo.

Sababu yangu kubwa ni pesa yako. Mwaka 1839 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Benki ya Augusta dhidi ya Earle. Benki hiyo iliundwa kwa sheria za Georgia, nayo ilinunua hati za malipo katika mji wa Mobile, jimbo la Alabama. Joseph Earle, mtu wa Alabama, alidaiwa fedha za hati hizo akakataa kulipa. Hoja yake ilikuwa kwamba shirika lililozaliwa Georgia halina uwezo wa kufunga mkataba Alabama, basi na deni halipo. Jaji Mkuu Roger Taney aliipa benki ushindi. Alieleza kwamba kampuni hukaa pale sheria ilipoizaa na haihami, lakini inaweza kufanya biashara kwa jirani kwa hisani ya jirani huyo, maadamu hajakataza. Mwaka 1869, katika kesi ya Paul dhidi ya Virginia iliyohusu wakala wa bima wa kampuni za New York, mahakama hiyohiyo ilisema kampuni si raia, na jimbo linaweza kuiwekea masharti kabla ya kuifungulia mlango.

Masharti yakaja, na akina Earle wa leo wanayajua. Umefanya kazi miezi mitatu, ankara zako zimelimbikizana, mteja hajibu simu. Unakwenda mahakamani. Wakili wake anatafuta jina la kampuni yako kwenye rejista ya jimbo, halioni, na anaiomba mahakama isimamishe madai yako. Karibu kila jimbo lina sheria ya namna hiyo: kampuni ya nje ambayo haikujiandikisha haiwezi kuendesha madai katika mahakama za jimbo hilo. Ikishtakiwa, itasimama na kujitetea. Kudai chake ndiko kunakozuiwa. Kwa kawaida mkataba wenyewe unabaki halali, na katika majimbo mengi unaweza kujisajili kwa kuchelewa, ukalipa malimbikizo na faini, kesi ikaendelea. Lakini mdaiwa wako amepata miezi ya kupumua, na wewe unalipa faini kwa pesa ambayo hujalipwa. Kwa nini umpe nafasi hiyo mtu anayekula jasho lako?

Na faini si za kutisha watoto. California inaweza kumtoza anayefanya biashara bila ruhusa hadi dola 20 kwa siku, mpaka zifike dola 10,000. Texas ikikukuta umefanya biashara zaidi ya siku 90 bila usajili, inakudai ada nyingine sawa na ile ya usajili kwa kila mwaka, au sehemu ya mwaka, uliokaa hivyo.

Wapo wanaoogopa upande wa pili, wakidhani kila hatua nje ya jimbo lao inataka fomu. Sivyo. Sheria nyingi za majimbo zinataja mambo ambayo peke yake hayakufanyi uhesabiwe kuwa unafanya biashara humo. Kuwa na akaunti ya benki hakuhesabiki. Wala kufanya mkutano wa wakurugenzi, kuuza kupitia mawakala wanaojitegemea, au kupokea maagizo ambayo unayakubali ukiwa jimboni kwako. Kazi moja isiyojirudia, inayokamilika ndani ya siku 30, kwa kawaida haihesabiki pia. Lori lako likitoka Texas kwenda Kansas na kukatiza Oklahoma, hiyo ni biashara kati ya majimbo, ambayo Katiba imeiweka mikononi mwa Bunge la Marekani, na huna haja ya kusajili kampuni katika kila jimbo lenye barabara. Ukikodi yadi Oklahoma na kuajiri watu wa kuisimamia, habari imebadilika. Tazama vitu vitatu: ofisi, wafanyakazi, na kazi inayoendelea mwezi hadi mwezi. Ukiviona, jisajili. (Kodi ya mauzo ina njia yake. Tangu hukumu ya South Dakota dhidi ya Wayfair ya mwaka 2018, jimbo linaweza kukutaka uikusanye hata kama huna mlango wala dirisha humo.)

Kuna jambo linaniuma sana. Watu wetu wanauziwa ndoto kwenye video kwamba mjanja hufungua kampuni Delaware au Wyoming, hata kama kazi yake yote iko Houston. Delaware ina sifa zake za kweli. Sheria yake ya makampuni ni ya mwaka 1899, ina mahakama maalumu yenye majaji waliobobea, na zaidi ya nusu ya makampuni makubwa yanayouza hisa zake kwa umma Marekani yamesajiliwa huko. Kampuni yenye magari mawili na wafanyakazi watano haihitaji hayo. Ukifungua LLC (kampuni ya dhima yenye kikomo) Delaware utalipa huko dola 300 kila mwaka, utamlipa wakala wa huko, kisha utarudi Texas ulipokuwa tangu mwanzo, usajiliwe kama kampuni ya kigeni kwa dola 750. Umejifanya mgeni nyumbani kwako, na umelipia ugeni huo. Fungua kampuni pale unapofanya kazi. Jimbo la pili litakapokuja, jisajili huko.

Kazi yenyewe mtu makini anaiweza. Kwanza hakikisha jina lako halijachukuliwa katika jimbo unalokwenda. Likiwa limechukuliwa, jimbo litakuruhusu utumie jina jingine humo bila kubadilisha la nyumbani. Kisha omba kwa Katibu wa Jimbo lako cheti kinachothibitisha kwamba kampuni ipo na imetimiza wajibu wake. Majimbo mengi hukitaka kiwe kipya, cha miezi michache tu, kwa hiyo usikiagize mapema mno. Na hapa ndipo wengi hukwama: ripoti ya mwaka haikupelekwa, kodi haikulipwa, cheti hakitoki. Safisha kwanza nyumbani.

Halafu mpate wakala wa kupokea hati za mahakama kwa niaba yako, mwenye anwani ya mtaa katika jimbo hilo. Sanduku la posta halikubaliki. Anaweza kuwa ndugu unayemwamini anayeishi huko na anayepatikana saa za kazi, au kampuni inayofanya kazi hiyo kwa malipo ya mwaka. Chagua mtu anayefungua barua. Hati ya mashtaka ikilala mezani kwake bila wewe kujua, hukumu inaweza kutolewa hujasema neno.

Baada ya hapo ni fomu na ada, na ada hazifanani. California hutoza korporesheni ya nje dola 100, New York dola 225, Texas zile 750. New York huitaka LLC ya nje itangaze habari zake katika magazeti mawili kwa wiki sita, ndani ya siku 120 tangu isajiliwe, na tangazo hilo linaweza kugharimu kuliko fomu yenyewe. California ina kodi ya chini ya dola 800 kwa mwaka kwa kampuni nyingi. Ziweke gharama hizi ndani ya bei unayompa mteja, tangu siku ya kwanza.

Usajili huu una uzito wake. Utapeleka ripoti kwenye majimbo mawili, utajisajili kwa kodi na bima ya wasio na kazi kwa ajili ya wafanyakazi wa huko, na kama kazi yako ni kuhudumia wagonjwa, leseni yake utaiomba kwenye idara ya afya, maana Katibu wa Jimbo haitoi. Siku mnapoacha biashara humo, pelekeni hati ya kujiondoa, la sivyo madai ya kila mwaka yanaweza kuendelea.

Najua pia hofu ambayo wengi hamuisemi hadharani. Karatasi za serikali zimewatesa, na jina lako kuonekana kwenye rejista ya umma kunakutia baridi. Dada yangu, kaka yangu, sheria haikutaki uwe raia wa Marekani ndipo umiliki kampuni au uisajili jimbo la pili. Ruhusa yako binafsi ya kufanya kazi ni suala la peke yake, na kama lina utata, muulize mwanasheria wa uhamiaji. Ila kampuni iliyosajiliwa ina haki ya kudai, ya kusaini mkataba na hospitali au wilaya ya shule, ya kumwonyesha meneja wa benki hati bila kuinamisha macho. Mmelea wazee wa nchi hii na kubeba mizigo yake usiku wa theluji. Haki hizo ni zenu, zichukueni.

Kabla hujasaini mkataba wa jimbo la pili, fungua tovuti ya Katibu wa Jimbo hilo na utafute jina la kampuni yako. Agiza cheti cha nyumbani, mteue wakala, jaza fomu, lipa ada. Ukikwama, mlipe mwanasheria wa huko saa moja ya kazi akuongoze. Na kama tayari unafanya kazi huko bila usajili, anza leo, kabla mteja mmoja hajaacha kukulipa.