Je, Mtoto ni Mdeni wa Baba Yake?

Andiko: 1 Samweli 20:30–34



Jioni moja mzazi wa hapa Ngong alinipigia simu. "Pasta, kuja uniongeleshee huyu kijana kabla sijamfanyia kitu." Nilipofika kwao nilipata kioo cha dirisha la sebuleni kimevunjika, na kijana amefungwa mkono kwa leso. Ako Form Three, miaka 17. Familia imeniruhusu nieleze bila majina.

Kilichotokea ni hiki. Ripoti ya shule ilifika na gredi ya D+. Baba aliisoma kwa sauti mbele ya wageni, akamlinganisha na binamu yake aliye chuo kikuu, kisha akamalizia: "Niliuza ploti ya Kitengela kwa sababu yako. Hii ndiyo shukrani?" Kijana hakujibu. Alisimama akapiga dirisha ngumi.

Nilimwita tukakaa nje. Nilikuwa nimejipanga kumpa maandiko ya kuheshimu wazazi. Kabla sijafungua Biblia akaniambia, "Pasta, mimi sikumwambia auze ploti."

Nilinyamaza. Mimi nilisomea biashara, na najua mkopo ni makubaliano ya watu wawili. Huwezi kumpa mtu pesa bila yeye kukubali mkopo, halafu urudi baada ya miaka kumi kumdai pamoja na riba. Lakini pia najua bei ya ploti Kitengela, na najua mzee anajinyima kiasi gani mpaka auze. Sasa nani ako na haki hapo?

Hebu tuangalie nyumba ya mfalme Sauli. Sauli alikuwa na mpango na mwanawe Yonathani: awe mfalme baada yake. Yonathani hakuutaka mpango huo, kwa sababu alikuwa ameona mkono wa Mungu juu ya Daudi. Siku ya karamu ya mwezi mwandamo, Sauli alimtukana mbele ya watu, akamtusi hata mama yake. Yonathani alipouliza Daudi amekosa nini, baba akamrushia mkuki. Biblia inasema wazi kwamba Yonathani aliondoka mezani akiwa na hasira kali, na hakula chakula siku hiyo.

Wapendwa, tumefundishwa kumwona kila kijana mwenye hasira kama mwenye pepo. Lakini Yonathani hakukemewa na nabii yeyote kwa kuondoka mezani. Hasira yake ilikuwa inasema ukweli: hapa pamefanyika jambo baya. Ndiyo maana Paulo katika Waefeso 4:26 anakubali kwamba mtu anaweza kukasirika, ila asiingie dhambini. Hasira yenyewe si dhambi. Inategemea unaipeleka wapi.

Yonathani aliipeleka wapi? Alikuwa askari hodari, na mkuki ulikuwa umerushwa mle mle chumbani. Hakuurudisha. Alilala, asubuhi akaenda shambani alipokuwa rafiki yake, wakalia pamoja. Hasira yake ilipata mlango wa kutokea.

Sisi Wakenya tunajua kinachotokea mlango usipokuwepo. Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, hapa jirani Machakos, lilichomwa usiku na wavulana 67 wakafa. Wanafunzi wawili walishtakiwa kwa mauaji. Miongoni mwa manung'uniko yaliyotajwa ni matokeo ya mtihani wa KCSE yaliyokuwa yamefutwa. Hakuna gredi inayohalalisha kifo cha mtoto hata mmoja, na kila mtu atajibu kwa mkono wake. Lakini tusiseme pia kwamba hasira kama ile huanza siku ile ya kiberiti. Huanza mapema, kijana anapojifunza kwamba akisema hasikizwi.

Sasa turudi kwa ploti. Katika 2 Wakorintho 12:14 Paulo anasema kwamba si watoto wanaopaswa kuwawekea wazazi akiba. Wazazi ndio wanaowawekea watoto. Kwa hivyo karo si mkopo, na mtoto si biashara ya kungojea faida. Baba aliyeuza ploti alifanya jambo la upendo. Lakini siku alipoigeuza kuwa deni, alijinyang'anya zawadi yake mwenyewe. Shukrani haikusanywi kama kodi ya nyumba. Ukiilazimisha, unachopata ni woga, na woga ukikaa unakuwa hasira.

Mtu ataniuliza, "Pasta, na 1 Timotheo 5:4?" Ni kweli, hapo watoto wanaambiwa warudishie wazazi. Soma vizuri: Paulo anaongea juu ya mama mjane anayehitaji kutunzwa. Huo ni wajibu, na vijana msiukimbie. Mzazi akizeeka, mlishe. Akiugua, mpeleke hospitali. Lakini Biblia haisemi popote kwamba utamlipa baba yako kwa kuwa injinia aliyeshindwa kuwa yeye.

Vijana, msifurahi haraka. Kutokuwa na deni si kutokuwa na wajibu. Amri ya kumheshimu baba na mama haina masharti ya gredi upande wao wala upande wako. Kama umepata D+ kwa kuzembea, usijifiche nyuma ya ukali wa baba. Na Yonathani, pamoja na yote yale, hakumtupa mzee wake. Katika sura ya 31 tunamwona Gilboa, akifa katika vita vile vile vilivyomwua Sauli. Alikataa dhambi ya baba yake bila kumkataa baba.

Wazazi, tuulizane kwa upole. Hasira ya yule mzee usiku ule ilikuwa ya nini hasa? Tulipoongea peke yetu aliniambia, "Pasta, nikizeeka sina shamba, na huyu ndiye nilitegemea." Hiyo ilikuwa hofu. Ingekuwa vizuri aiseme hivyo kwa mwanawe, badala ya kumrushia ploti kama mkuki. Waefeso 6:4 inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, na kulinganisha mtoto na binamu mbele ya wageni ni uchokozi tosha.

Hao wawili bado hawajamaliza mazungumzo yao. Baba ameomba msamaha kwa kumwaibisha mbele ya watu. Kwa mwanaume wa rika lake hilo si jambo dogo. Kijana naye anabeba mawe mjengo Jumamosi ili alipe kioo. Nilimwambia hivi: ploti si deni lako, lakini kioo ni deni lako. Ulikivunja wewe.

Kwa wiki hii:

1. Mzazi, mwulize mtoto wako swali moja lisilo la masomo, kisha unyamaze usikize jibu.

2. Kijana, mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini kabla hujakasirika. Usingoje siku ya mkuki.

3. Kama uliwahi kumhesabia mtoto wako ulichotumia kwake, mwambie leo kwamba ilikuwa zawadi.

Tuombe: Baba wa mbinguni, ulitupenda kabla hatujaleta matokeo yoyote. Tufundishe kupenda watoto wetu hivyo. Wape vijana wetu mlango wa hasira yao, na utufanye sisi kanisa kuwa mlango huo. Katika jina la Yesu, amina.