Afadhali kuliko nini?

Katika vikundi vya vijana ninavyoongoza hapa Bujumbura, Buyenzi na Bwiza, kuna swali linarudi kila tukigusa habari za afya: "Yaya, vepu si afadhali kuliko sigara?" Wanaouliza ni wa namna mbili. Kuna mtu mzima aliyevuta sigara miaka mingi, anakohoa kila asubuhi, anatafuta mlango wa kutokea. Halafu kuna mtoto wa miaka 15 ambaye hajavuta kitu chochote, ila amesikia kwamba hii ya kuchaji ina ladha ya embe. Maneno yao ni yale yale. Je, mtu mkweli anaweza kuwapa majibu mawili?

Kwanza tukijue kitu chenyewe, juu mitaani wanasema mengi. Wengine wanasema "ni maji tu," wengine "ni mvuke kama wa chai." Si kweli. Ndani ya vepu kuna betri inayopasha moto waya mdogo, na waya unageuza kimiminika kuwa kama ukungu. Kimiminika hicho kina gliserini, ladha za kiwandani, na mara nyingi nikotini, ile ile ya sigara inayomfanya mtu ashindwe kuacha. Ila hakuna jani linaloungua, kwa hiyo hakuna lami ile ya moshi wa sigara. Nafuu yake iko hapo. Hon Lik, mfamasia wa China aliyeibuni mwaka 2003, alikuwa mwenyewe mvutaji mkubwa.

Wengine nao wanatia chumvi upande wa pili, eti ukivuta mara moja mapafu yanapasuka. Ni kweli Marekani kulitokea balaa: hadi Februari 2020 walihesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa, na waliokufa ni 68. Lakini wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na kitu kingine, mengi yakiwa yamenunuliwa kwa njia za kando. Hapo tunajifunza kuogopa chupa tusiyojua imetoka wapi. Sigara yenyewe haigeuki kuwa salama kwa sababu hiyo.

Sasa turudi kwenye "afadhali." Sisi wakimbizi neno hili tunalijua vizuri. Aliyetoka Bukavu au Uvira, akavuka mpaka, akapewa hema, anasema: afadhali hema kuliko risasi. Hasemi uongo. Lakini hakuna mzazi anayemwambia mtoto aliyelala salama kwao, "Amka, nenda ukaishi kambini, ni afadhali kuliko vita." Mtoto yule hakuwa vitani. Kwake hema halina nafuu yoyote, ni hasara tupu.

Ndiyo maana naona majibu mawili si unafiki. Kwa mvutaji, vepu ni afadhali. Kwa mtoto wa miaka 15 hakuna "kuliko," maana anaacha hewa safi, haachi sigara. Nchi nazo zimepima hivyo, kila moja kwa jicho lake. Uingereza, huduma ya afya inawaambia wavutaji wazima kwamba vepu inaweza kuwasaidia kuacha sigara. Uganda, sheria ya mwaka 2015 ilizipiga marufuku kabisa. Mmoja alimtazama mgonjwa, mwingine alimtazama mtoto.

Hata huyo mvutaji, nina neno kwake. Wapo wanaovuta vepu ndani ya nyumba na sigara barabarani. Huyo mguu mmoja umevuka, mwingine bado uko vitani. Na hema si nyumba: aliyehamia vepu aendelee na safari mpaka aiache nayo.

Kuna ndugu wananipinga. Wanasema: "Kijana amepoteza nyumba, masomo, pengine na wazazi. Kiraha kidogo hiki nacho mnamnyima?" Swali hili linaniuma, juu siku za ukimbizi ni ndefu na mawazo ni mengi. Lakini tuangalie raha yenyewe. Nikotini inakutuliza, halafu baada ya muda inakuletea wasiwasi, unavuta tena ili utulize wasiwasi ulioletwa nayo. Ni deni linalojilipa kwa deni. Ubongo wa kijana unaendelea kukua mpaka karibu miaka 25, na deni hilo linamshika haraka zaidi. Mkimbizi haamui aishi wapi, ale nini, karatasi zake zitoke lini. Amebaki na vitu vichache anavyovitawala mwenyewe, na utashi wake ni kimojawapo. Kumwona anautoa kwa ladha ya embe na kunyamaza, hiyo si huruma.

Kwa ninyi wa mashirika mnaosoma hapa: bango moja linalosema "Usivute" haliwatoshi watu wote. Mvutaji analiona kama matusi, mtoto analiona kama utani, kwa sababu amesikia nusu ya ukweli na bango halikugusa nusu hiyo. Kaeni nao, muwape nusu zote mbili. Mzee anayetaka kuacha asaidiwe bila kuaibishwa. Mtoto akileta "afadhali" yake, tumuulize polepole: kuliko nini? Halafu tumwachie nafasi ajibu mwenyewe.