Kuni za Nyumba Moja

Soma: 1 Samweli 30:9–25, Luka 15:25–32, Kutoka 20:8–11, Yeremia 7:17, 18, Nehemia 10:34.

Katika mashamba ya jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, kuni za majira ya baridi hazitafutwi theluji ikishaanguka. Mti uliokatwa karibuni huweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Kuni zake zikiwashwa zingali mbichi, moto hutumia nguvu zake kukausha maji hayo, moshi huwa mwingi, na masizi mazito hugandamana ndani ya bomba la moshi hata bomba lenyewe laweza kushika moto. Kwa hiyo magogo hupasuliwa mapema, kuni hupangwa juu ya miti iliyolazwa ili zisiguse udongo, kisha huachiwa jua na upepo kwa miezi mingi.

Kazi hiyo ni ya nyumba nzima. Mwenye nguvu hushika shoka. Mwenye mkono mtulivu hupanga kuni za mwisho wa safu kwa kupishanisha, ili rundo lisiporomoke. Watoto hubeba vipande vidogo, na bibi huokota vibanzi vya kuwashia moto. Mgonjwa aliye kitandani habebi kitu. Hata hivyo baridi inapofika, wote huketi kuuzunguka moto uleule.

Je, hiyo ni haki? Aliyepasua magogo mia na aliyebeba vijiti kumi wanastahilije joto sawa? Na yule ambaye hakubeba hata kimoja?

Maandiko hayaupuuzi uvivu. Paulo aliwaonya Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asitazamie kula (2 Wathesalonike 3:10). Lakini angalia neno lenyewe: asiyetaka. Hakusema asiyeweza. Watu 200 wa Daudi walipochoka kabisa wakabaki penye kijito cha Besori kulinda mizigo, wenzao waliotoka vitani walitaka kuwanyima nyara. Daudi alikataa. Aliwakumbusha kwamba walivyopata vimetoka kwa Bwana, akaamuru fungu la aliyebaki liwe sawa na la aliyepigana. Msingi wa hoja yake ulikuwa huu: anayejua kwamba amepewa hawezi kumnyima ndugu yake aliyeishiwa nguvu.

Mtu aweza kupinga: ikiwa wote watapata joto, ni nini kitakachomfanya kijana aamke mapema kubeba kuni? Jibu linategemea kijana huyo anajiona nani. Kibarua hufanya kazi ili alipwe. Mtoto hufanya kazi kwa sababu nyumba ni yake. Ndugu mkubwa katika Luka 15 alikuwa amefanya kazi miaka mingi, na bidii yake haikuwa na dosari. Kosa lake ni kwamba alihesabu siku zake kama kibarua ndani ya nyumba ya baba yake mwenyewe, ndiyo maana karamu ya mdogo wake ikamchoma moyo.

Historia ya waanzilishi wa kanisa ina mfano ulio karibu na jambo hili. Mwaka 1847 James na Ellen White, wakiwa na mtoto mchanga, walikaribishwa katika sehemu ya nyumba ya familia ya Howland, mjini Topsham, Maine. James alibeba mawe katika ujenzi wa reli, kisha akaingia msituni na shoka lake kukata kuni, akifanya kazi tangu asubuhi hadi giza kwa ujira wa senti 50 hivi kwa siku, huku akiumwa ubavu. Hakutaka kula jasho la wengine. Lakini utaratibu wa mambo ni wa kutazamwa: mlango ulifunguliwa kwanza, shoka likafuata. Ndivyo neema na kazi zinavyofuatana. Hakuna anayepasua kuni ili aingie katika nyumba ya Mungu, na aliyekwisha kuingia hakai akiwatazama wengine wakibeba.

Hapa ndipo familia nyingi za Afrika Mashariki zinapoguswa. Mara nyingi kuni hubebwa na mama na binti zake, kutoka mbali, huku wavulana wakingoja chakula. Nyumba kama hiyo yaweza kujisifu kwamba ina ushirikiano, kumbe ina mtu mmoja aliyechoka. Siku ya maandalio hudhihirisha jambo hili waziwazi. Amri ya Sabato yawataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, hata mnyama, kwamba wote wapumzike. Ikiwa jua la Ijumaa linazama mama akiwa amepika, amefua, ameteka maji na kupasua kuni peke yake, basi wengine wameingia katika pumziko, naye ameanguka tu kwa uchovu. Joto ligawanywe kwa kadiri ya uhitaji, na mzigo kwa kadiri ya nguvu.

Limebaki jambo moja. Yeremia aliona familia zilizoshirikiana vizuri sana: watoto waliokota kuni, baba waliwasha moto, wanawake walikanda unga. Lakini mikate hiyo ilikuwa ya malkia wa mbinguni. Umoja wao haukuigeuza ibada ya sanamu kuwa njema. Katika siku za Nehemia, familia zilipiga kura ili kila ukoo ulete kuni kwa zamu katika nyumba ya Mungu, mwaka kwa mwaka. Kuni zilikuwa zilezile na mikono ni ileile, ila moto ulikuwa mwingine. Kwa hiyo haitoshi familia kuuliza kama inafanya kazi pamoja. Yapasa iulize pia inamwashia nani moto.

Maswali ya Kujadiliana

1. Katika nyumba au kanisa, mtu awezaje kutofautisha kati ya asiyetaka na asiyeweza, bila kumhukumu ndugu yake?

2. Ni kazi gani ya siku ya maandalio nyumbani kwako ambayo imemwelemea mtu mmoja? Nani ataipokea Ijumaa ijayo?

3. Je, familia yaweza kuwa na umoja katika jambo lisilompendeza Mungu? Mmoja wao afanye nini akiligundua?